Simu ya "mtu wa kodi": kata kwanza, uliza baadaye

Barua kutoka Randburg

Huku Randburg baridi ya Julai imeshika kweli kweli. Asubuhi majani ya uani ni meupe kwa barafu, na watu kwenye teksi za Republic Road wanapuliza mikono kabla ya kutoa nauli. Mwezi uliopita niliahidi kuandika jinsi ya kupika mkate wa kumimina kwa oveni za huku. Naomba mnisamehe, mkate utasubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwetu, na mwenyewe amenikubalia niliandike, mradi nisitaje jina lake.

Nina binti wa kaka yangu anayesoma chuo hapa Johannesburg. Anaishi Windsor, chumba cha kushirikiana na wenzake wawili, na mwisho wa wiki anahudumu kwenye mgahawa ili apate nauli na vocha ya simu. Ni mtoto mwenye akili, asiyependa makuu, na tangu utotoni ni mwoga wa kukosea. Mtakumbuka hilo mbele.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, yuko nje ya darasa, simu ikalia. Mwanamume, Kiingereza kizuri, sauti ya upole. Alijitambulisha kwa jina na cheo, akasema anapiga kutoka idara ya madeni ya SARS, yaani mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini. Akamtajia jina lake kamili, la baba na la babu. Akamtajia tarakimu za mwisho za pasipoti yake, akamwambia na anakofanya kazi. Kisha akamsomea "namba ya kesi" na kumwambia anadaiwa kodi randi 5,200, barua za onyo zimetumwa mara tatu na hakujibu, na sasa faili linakwenda polisi. Kama halijalipwa kabla ya saa nane mchana, viza ya masomo itafutwa.

Binti akaanza kulia. Yule bwana hakumkaripia. Alimwambia, "Naona wewe si mtu mbaya, ngoja nikusaidie." Sharti lilikuwa asikate simu, kwa sababu "mazungumzo yanarekodiwa na ukikata itahesabika umekataa kushirikiana." Akamwongoza hatua kwa hatua mpaka dukani, akamwambia anunue vocha za fedha, na mhudumu akiuliza ajibu kuwa anatuma nyumbani. Alikuwa na fedha za chumba, randi 5,200 kasoro kidogo. Alinunua vocha za fedha zote na kumsomea namba moja baada ya nyingine.

Yule bwana hakutosheka. Akamwambia, "Sasa itaingia namba fupi kwenye simu yako, nisomee ili nifunge faili." Hapo simu ikaisha chaji. Chaji kuisha ndiko kulikookoa akaunti yake ya benki.

Kwa Kiswahili neno ni moja tu, kodi, iwe ya mwenye nyumba au ya serikali. Mtoto wetu alichukua kodi ya kwanza akalipia ya pili, na hiyo ya pili haikuwapo.

Siku tisa za kunyamaza

Hakumwambia mtu. Si mimi, si wenzake wa chumbani, si baba yake Tanga. Siku tisa nzima. Nilijua pale mwenye nyumba aliponitumia ujumbe, kwa sababu mimi ndiye mdhamini wake.

Jumamosi akaja kwangu Ferndale. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Nikampakulia, hakula. Baada ya muda akaniuliza kitu ambacho mpaka leo kinanisumbua: "Shangazi, kwani mimi ni mhalifu?"

Siku tisa baada ya kuibiwa, bado aliamini kwamba kweli alikuwa anadaiwa. Alidhani kosa ni lake, kwamba kuna fomu hakujaza, kwamba kufanya kazi huku anasoma labda hakuruhusiwi. Fedha zilikwenda ndani ya saa moja, lakini hofu ilibaki naye usiku na mchana.

Tukakaa mezani tukapitia pamoja. Viza ya masomo ya Afrika Kusini inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki. Yeye hafiki hata 16. Na kodi ya mapato haianzi kwenye randi ya kwanza. Kwa mtu aliye chini ya miaka 65, katika mwaka wa kodi ulioishia Februari 2025, kiwango ambacho chini yake hudaiwi kodi ya mapato kilikuwa randi 95,750 kwa mwaka. Mshahara wake wote wa mwaka haufiki hata nusu ya hapo. Jumatatu tukapiga simu SARS kwa namba tuliyoichukua kwenye tovuti yao wenyewe, 0800 00 7277. Jibu: hana deni.

Ndipo akala.

Nimeandika haya kwa sababu najua kuna wengine kati yenu walio kwenye siku yao ya tatu, au ya saba, na hawajamwambia mtu.

Kwa nini sisi

Tapeli wa aina hii anauza hofu, na sisi wageni tunayo tayari ghalani. Nani kati yetu hajawahi kushtuka akiona bahasha ya serikali? Tunaishi kwa karatasi: viza, kibali, barua ya chuo, mkataba wa nyumba. Tumezoea kwamba ofisi ikisema jambo, unanyenyekea na kushukuru. Kwa hiyo mtu akitaja "kodi" na "viza" katika sentensi moja, akili inaganda.

Na si hapa tu. Kisa kimoja kikubwa kinachojulikana cha utapeli huu kilianzia India na kuwapiga watu wa Marekani. Oktoba 2016 polisi walivamia vituo vya simu eneo la Mira Road, karibu na Mumbai, ambako vijana walikuwa wakikaa usiku kucha wakijifanya maofisa wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Tarehe 27 ya mwezi huohuo, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu na kampuni 61. Walijifanya maofisa wa kodi au wa uhamiaji, na vitisho vyao vilikuwa kukamatwa, kufungwa, kutozwa faini na kufukuzwa nchini. Julai 2018, washiriki 21 waliokuwa Marekani walihukumiwa vifungo, kirefu zaidi kikiwa miaka 20.

Angalieni orodha ile ya vitisho. Kufukuzwa nchini si tishio kwa mwenye uraia. Lile liliandikwa kwa ajili yetu.

Nyumbani nako tunao. Tanzania nani hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Kenya watu hutania kwamba simu hizi zinatoka Kamiti, maana wafungwa wamewahi kukutwa na simu gerezani wakiifanya kazi hiyo. Tunacheka, tunafuta, tunaendelea. Basi kwa nini ujumbe wa Kiswahili tunaucheka lakini simu ya Kiingereza inatutetemesha? Ni mtu yuleyule, kavaa tai tu.

Wamejuaje jina langu?

Hili ndilo swali la kila aliyepigiwa. "Shangazi, alijua jina la babu!" Ndugu zangu, kujua jina lako si ushahidi wa chochote.

Agosti 2020 ilitangazwa kwamba taarifa za watu wanaofikia milioni 24 wa Afrika Kusini zilichukuliwa kwenye kampuni ya taarifa za mikopo ya Experian na mtu aliyejifanya mteja halali. Machi 2022 ikawa zamu ya TransUnion, ambako wadukuzi waliingia na kudai fidia. Hayo ni mawili tu kati ya yaliyojulikana.

Halafu kuna tunayotoa wenyewe. Mara ngapi umetuma picha ya pasipoti kwa mtu wa kupangisha chumba usiyemjua? CV yako yenye namba ya simu na mwajiri wako iko kwenye tovuti ngapi za kazi? Makundi ya WhatsApp ya "natafuta chumba Windsor" yana watu mia mbili, na hakuna anayejua wote ni kina nani. Siku hizi nikilazimika kutuma nakala ya pasipoti, naandika juu yake kwa kalamu imetumwa kwa nani, kwa kazi gani, na tarehe.

Na namba inayotokea kwenye kioo cha simu nayo inaweza kughushiwa. Unaweza kuona namba halisi ya ofisi, hata jina la ofisi, na anayezungumza yuko chumbani kwake mji mwingine. Usiiamini namba iliyokupigia, amini namba uliyoitafuta mwenyewe.

SARS wa kweli hufanyaje

Nisiwadanganye kwamba SARS hawapigi simu kamwe. Wanaweza kupiga, na wanatuma ujumbe mfupi. Msimu wa kujaza ritani unapoanza Julai, ujumbe wa kweli na wa uongo unaingia siku moja, na ndiyo maana matapeli huupenda mwezi huu. Lakini kuna mambo ambayo ofisi ya kweli haifanyi.

Deni la kweli lina karatasi. Kwanza kuna hati ya tathmini ya kodi, kisha taarifa ya akaunti, na vyote unaviona ukiingia mwenyewe eFiling. Hata ukikaa kimya, sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2011 inawataka wakupe barua ya mwisho ya madai, na siku za kazi zisizopungua 10, kabla ya kumwagiza mwajiri au benki yako ikate fedha. Matapeli nao wanatuma "barua ya mwisho ya madai" za kughushi, kwa hiyo ukipata barua usibonyeze kiungo chake. Ingia eFiling kwa kuandika anwani mwenyewe, uangalie kama barua hiyo ipo. Hakuna deni la kodi linalozaliwa saa nne asubuhi na kufa saa nane mchana.

Malipo ya kweli nayo yana njia yake. Unalipa kupitia eFiling, au benki yako ambako SARS tayari wamo kwenye orodha ya walipwaji, kwa namba maalumu ya kumbukumbu ya malipo. Hakuna vocha. Hakuna kutuma kwa namba ya simu ya mtu. Hakuna akaunti yenye jina la mtu binafsi. Hata ukienda ofisini kwao na fedha mkononi, hawazipokei.

SARS wenyewe wanasema hawaombi taarifa zako za benki kwa barua pepe, ujumbe wala posta, hawaombi namba za kadi yako kwa hali yoyote, na hawatumi viungo vya kukupeleka tovuti nyingine, hata ya benki. Na jambo la viza si lao. Viza iko Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtu wa kodi anayekutishia viza ni sawa na daktari wa meno anayetishia kukunyang'anya leseni ya gari.

Alama sita

Bandikeni hizi kwenye friji. Moja ikitokea, kata.

1. Haraka. Leo, sasa hivi, kabla ya saa fulani.
2. Siri. Usimwambie mtu, au mwambie mhudumu wa duka uongo.
3. "Usikate simu." Ofisi ya kweli haina sababu ya kukuzuia kukata.
4. Malipo ya ajabu. Vocha, kadi za zawadi, sarafu za kidijitali, kutuma kwa namba ya simu.
5. Namba iliyoingia kwenye simu yako. Ile ya tarakimu chache ni ufunguo wa akaunti yako, na mtu yeyote anayeiomba ni mwizi, hata akijiita benki.
6. Habari njema mno. Si vitisho tu. Wengine wanakuambia una marejesho ya kodi randi 3,000, "thibitisha akaunti hapa."

Hiyo ya sita iwape tahadhari hasa walioajiriwa, ambao kweli wanasubiri marejesho. Kuna wizi ambao tapeli anaingia kwenye akaunti yako ya eFiling, anabadilisha namba ya benki, na marejesho yako yanakwenda kwake. Umekuwa mwingi kiasi kwamba ofisi ya Tax Ombud, inayopokea malalamiko ya walipakodi, ilifungua uchunguzi juu yake. Nenosiri la eFiling lisifanane na la barua pepe yako, na usimwachie "mtu wa kukujazia" akae nalo. Ukimlipa mtu akujazie ritani, badilisha nenosiri jioni hiyohiyo.

Maneno ya kusema

Binti yangu aliniambia, "Shangazi, nilijua kuna kitu si sawa, lakini sikujua niseme nini." Sisi tumelelewa kutomkatia mkubwa maneno, na kumkatia mtu simu ni utovu wa adabu. Tapeli anaila adabu yako.

Kwa hiyo jizoezeni maneno. Kwetu tumechagua haya, kwa lugha yoyote anayopigia: "Asante. Nitapiga mwenyewe ofisini." Halafu unakata. Husubiri ruhusa. Hujibu swali lingine. Ofisi ya kweli haitakasirika, na deni kama lipo utalikuta kwenye eFiling jioni hiyo na kesho yake pia. Unaweza pia kuangalia salio lako la SARS kwa kubonyeza *134*7277#, au kuweka miadi kwenye tawi lao, na hapa Randburg lipo.

Tumeweka na sheria moja ya nyumba: hakuna mtu wa familia hii anayetuma fedha wakati bado yuko kwenye simu na anayeziomba. Hata akiwa mimi. Hata nikilia. Unakata, unapiga kwa mtu mwingine mmoja wa familia, unamweleza kwa sauti. Mara nyingi ukianza kuieleza hadithi kwa sauti, unaisikia mwenyewe ilivyo ya uongo.

Jumapili iliyopita tulifanya mazoezi baada ya chakula. Mume wangu akawa mtu wa SARS, akaingia chumba cha pili akatupigia mmoja mmoja. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa wa kwanza kukata. Mimi ndiye niliyechukua muda mrefu, kwa sababu nilitaka kumjibu. Msicheke, fanyeni. Na wapigieni wazee nyumbani muwafundishe maneno yaleyale, maana kuna tapeli anayewapigia wao akisema mtoto wenu kakamatwa ughaibuni.

Kama umeshatuma

Usikae siku tisa. Fanya haya kwa mpangilio huu.

Kwanza benki. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako, waambie umetapeliwa, wazuie akaunti. Kama ni vocha na bado una risiti, mpigie mara moja aliyeitoa. Isiyotumika huweza kuzuiwa. Binti yangu alitupa risiti kwa aibu. Usitupe kitu.

Pili, badilisha nenosiri za benki, eFiling na barua pepe, ukianza na barua pepe.

Tatu, toa taarifa. Kwa SARS ni phishing@sars.gov.za, au namba yao ya ulaghai 0800 00 28 70. Kuna pia shirika la kuzuia ulaghai, SAFPS, lenye namba ya msaada ya Yima, 083 123 7226, na linaweza kukuwekea ulinzi bure ili mtu asikope kwa jina lako. Kisha nenda polisi upate namba ya kesi, benki itaihitaji. Najua wengine mnaogopa kituo cha polisi kwa sababu ya karatasi. Nenda na mtu. Kama hamwelewani na benki, National Financial Ombud Scheme husikiliza malalamiko bila malipo, 0860 800 900.

Nne, tegemea simu ya pili. Jumanne, siku tatu baada ya binti yangu kuja kwangu, alipigiwa na "kitengo cha kurejesha fedha zilizoibiwa." Walijua kiasi alichopoteza mpaka randi ya mwisho. Walitaka randi 650 za kufungua faili. Alikuwa jikoni kwangu. Akaweka simu kwenye spika, akaniangalia, akasema, "Asante. Nitapiga mwenyewe ofisini." Akakata, mikono inamtetemeka. Kujua kiasi hakukuwa ajabu. Aliyejua kiasi ni aliyekiiba.

Kwa wasomaji wa nchi nyingine

Hadithi ni ileile, ofisi ndiyo inayobadilika. Marekani, IRS kwa kawaida huanza na barua ya posta, na simu za uongo unaziripoti TIGTA, 1-800-366-4484. Uingereza, ujumbe wa uongo wa HMRC utume 60599, na kama fedha zimetoka piga 159 ikuunganishe na benki yako. Canada, kituo cha kupambana na ulaghai ni 1-888-495-8501.

Nyumbani Kenya, malipo ya KRA hupitia namba ya serikali ya 222222 kwa namba ya usajili wa malipo uliyoitoa iTax mwenyewe, si kwa simu ya ofisa, na mteja wa Safaricom anaweza kutuma namba ya tapeli 333. Tanzania, malipo ya TRA ni kwa kontroo namba, na namba za matapeli unazituma 15040.

Mwisho wa habari

Mtauliza kama fedha zilirudi. Hazikurudi, na sitawapa matumaini ya bure. Chama chetu cha akina mama hapa Randburg kilimkopesha kodi ya mwezi, anarudisha randi 400 kila mwisho wa mwezi. Alipokuja kushukuru kikaoni, mama mmoja, mtu mzima, mfanyabiashara, tuliyemdhani hadanganyiki na mtu, akasimama akasema naye alituma randi 9,000 mwaka juzi na hakuwahi kumwambia hata mumewe. Akasimama na wa pili.

Baba yake Tanga nilimpigia mwenyewe, kwa idhini yake. Kaka yangu alinyamaza kidogo, nikadhani atafoka. Akasema, "Mwambie nilishatuma elfu themanini kwa aliyejifanya wewe."

Kama kuna aliye kwenye siku zake za kunyamaza, aanze na mtu mmoja leo. Na kama hana mtu, atuandikie hapa, barua nitaisoma mwenyewe na jina halitatoka.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, mkate wa kumimina. Vaeni soksi.